Nakshi kantha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mfarishi wa Bengal unaotiwa nakshi kwa sindano

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanaojifunza kushona kwa mkono, wanunuzi, na watu walioletewa kantha zawadi wasijue waifanyie nini. Swali lililokwisha kujibiwa mahali pengine halijibiwi tena, bali utaelekezwa.

## Mambo ya mwanzo

Nakshi kantha ni nini hasa?

Ni nguo kuukuu zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikashonwa pamoja kwa mkono mpaka zikawa kitu kimoja. Mishono inayozishikanisha ndiyo hiyohiyo inayochora maua, samaki, ndovu na mitumbwi juu yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani mfarishi hushonwa kwanza, kisha hutariziwa. Sivyo. Kushona na kutarizi ni kazi moja, kwa sindano moja na kwa mshono mmoja. Ukifumua picha, matabaka nayo yanaachana.

Matabaka yenyewe kwa desturi ni sari, dhoti (nguo ndefu ya wanaume ya kufunga kiunoni) na lungi za pamba zilizokwisha kuvaliwa. Lungi ni shuka ya kiunoni, ndugu yake kikoi.

Hili neno "nakshi" ni lilelile letu?

Ni lilelile. Sisi tunasema mlango wa Unguja umetiwa nakshi, na Wabengali wanasema kantha ina naksha, yaani michoro. Sote tumelipata kwenye shina la Kiarabu, wao likiwafikia kwa njia ya Kiajemi. "Kantha" peke yake ni mfarishi wa viraka, hata usio na picha yoyote. "Nakshi kantha" ni ule uliopambwa. Nyumba nyingi za Bengal zilikuwa na kantha za kawaida za kujifunika usiku, na moja au mbili za nakshi zilizotolewa mgeni akija.

Hutamkwaje?

Ile "th" si ya "thamani". Ni "t" inayotolewa pamoja na pumzi. Irabu ya kwanza hupitia puani, na "n" yenyewe haisikiki sana. Ukisema "katha" kwa "a" ya puani na "t" ya pumzi, Mbengali atakuelewa.

Ni ya Bangladesh au ya India?

Ni ya Bengal, na Bengal iligawanywa mwaka 1947. Mashariki ikawa sehemu ya Pakistan, na mwaka 1971 ikawa Bangladesh. Magharibi ikabaki India, jimbo la Bengal ya Magharibi, mji mkuu wake Kolkata. Upande wa Bangladesh utasikia majina ya Jessore, Rajshahi, Chapai Nawabganj na Jamalpur. Upande wa India jina kubwa ni Birbhum, hasa vijiji vinavyozunguka Bolpur na Santiniketan.

Mwaka 2008 nakshi kantha ilisajiliwa India kama bidhaa yenye utambulisho wa kijiografia, yaani jina linalolindwa kwa bidhaa za mahali fulani, kwa ajili ya Bengal ya Magharibi, jambo lililowauma wengi Bangladesh. Baadaye Bangladesh nayo ilisajili nakshi kantha ya Jamalpur. Kwa maoni yangu mabishano haya ni ya karatasi. Bibi aliyeshona kantha huko Jessore mwaka 1880 hakuwa na mpaka kichwani mwake.

Ni ya zamani kiasi gani?

Maandishi ya Kibengali yanayosimulia maisha ya mtawa Chaitanya (1486–1534) yanataja kantha ambayo mama yake alimpelekea akiwa mbali, mjini Puri, kwa mikono ya mahujaji. Kwa hiyo kufikia wakati huo lilikuwa jambo la kawaida. Zilizobaki hadi leo kwenye makumbusho nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Sababu ni nyepesi: nguo iliyoshonwa ikiwa tayari imechakaa, kisha ikalaliwa kila usiku, haiishi miaka 300.

## Kitambaa, uzi na mshono

Kwa nini nguo kuukuu, si mpya?

Umaskini ni sehemu ya jibu, lakini si jibu lote. Pamba iliyofuliwa mara mia huwa laini kwa namna ambayo kitambaa cha dukani hakiiwezi. Mwenye mtoto mchanga anaelewa bila kuelezwa. Ndiyo maana hata kwetu kanga ya kumpokelea mtoto ni kanga kuukuu. Kantha ndogo za vitoto vichanga bado zinashonwa Bengal kwa sababu hiyo.

Sindano pia inataka nguo kuukuu. Kupenya matabaka manne ya kitambaa kipya chenye wanga ni kazi ya kuumiza vidole. Katika pamba iliyolegea sindano inateleza, na unaweza kuchukua mishono minne au mitano kabla ya kuvuta uzi.

Kisha kuna imani kwamba nguo ya viraka humkinga mwenye nayo na kijicho. Watawa na masufi wa nchi hiyo nao walivaa majoho ya viraka, ishara ya kuuacha ulimwengu. Kwa hiyo tambara lilibeba heshima ambayo hariri mpya haikuwa nayo.

Uzi hutoka wapi?

Zamani ulichomolewa kwenye pindo za sari zilezile. Sari nyeupe ya pamba ilikuwa na pindo nyekundu, ya samawati au nyeusi. Mwanamke alilichana pindo, akazivuta nyuzi moja moja, akazisokota mbili au tatu pamoja. Hii ndiyo sababu kantha za zamani zina rangi chache: nyekundu, samawati na nyeusi juu ya uwanja mweupe. Leo wengi hununua uzi wa kudarizi dukani na rangi zimezidi. Mimi bado napenda zile tatu.

Mshono wake ni upi?

Ni bandi. Fundi wetu hupiga bandi ili kushikiza nguo kwa muda, kisha akishapitisha cherehani anaifumua na kuitupa. Bengal wameichukua bandi hiyo, mshono ambao kila anayejua kushika sindano anauweza, wakaifanya kazi yenyewe. Sindano inaingia, inatoka, inaingia, inatoka. Basi.

Ukubwa wa jambo hili unauona ukiitazama kantha kwa karibu, sehemu isiyozidi kiganja. Kuna petali moja ya ua. Mzunguko wake umechorwa kwa bandi nyekundu. Ndani yake kuna bandi nyingine inayofuata umbo lilelile, ndogo zaidi, kisha nyingine, hadi katikati. Nje ya petali, pale ambapo jicho la kwanza liliona utupu mweupe, kuna bandi za uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, nazo zinalizunguka ua mstari baada ya mstari kama mawimbi yanayolizunguka jiwe lililotupwa majini. Kila mstari umeikaza nguo kidogo tu. Kwa hiyo kitambaa chote kimejikunja vijimawimbi vidogo ambavyo vidole huvihisi kabla ya macho. Vijimawimbi hivi havina fundi mwingine zaidi ya bandi na subira.

Mshono mmoja huu una namna nyingi za kupangwa. Mishono ikipangwa sambamba hutokea kitu kama ukili wa mkeka, na Wabengali huuita kwa jina la mkeka. Ikipishana hatua kwa hatua, mistari huonekana kama inapinda. Rajshahi wana kantha za mawimbi ziitwazo lohori, na katika hizo kuna mchoro wa pembetatu unaoitwa tundu la njiwa. Wakati wa Waingereza uliingia mshono wa msalaba, ukazaa kantha zinazofanana na zulia. Nzuri, lakini ni jamaa wa mbali.

Inaandaliwaje, hatua kwa hatua?

Nguo hufuliwa, hutandikwa sakafuni au uani, moja juu ya nyingine, na kulainishwa kwa viganja hadi lisibaki kunyanzi hata moja. Wanawake kadhaa husaidiana hapa, maana mtu mmoja hawezi kuvuta pembe nne. Kingo hushonwa. Kisha hupitishwa mistari michache ya bandi ndefu kutoka upande hadi upande ili matabaka yasitembee.

Baada ya hapo kantha haihitaji fremu wala meza. Hukunjwa, huwekwa kando, na hutolewa mchana wali ukishapakuliwa, au siku za masika mvua inapowafungia watu ndani. Michoro kwa desturi haikuchorwa kwa kalamu. Mshonaji alitafuta umbo kwa sindano na uzi, akianzia ua la katikati. Siku hizi kwenye warsha mchoro huhamishwa kwa karatasi iliyotobolewa matundu, ili washonaji kumi watoe picha ile ile.

Inachukua muda gani?

Kitambaa kidogo, wiki chache. Ya kitandani iliyojaa nakshi, miezi mingi hadi mwaka na zaidi. Zipo zilizoanzwa na mama zikamaliziwa na binti.

## Picha na matumizi

Picha zina maana gani?

Katikati mara nyingi kuna yungiyungi, ua la majini lenye petali nyingi, na pembe nne kuna miti au matawi yanayoelekea katikati. Aliyezoea kanga atautambua mpango huu mara moja: kuna mji na kuna pindo. Hata lile umbo la tone lililopinda shingo, ambalo kwenye kanga tunaliita korosho, lipo huku na linaitwa kalka.

Kati ya ua na pembe ndiko mshonaji alikokuwa huru. Utaona ungo, kitana, kioo, machela ya bibi harusi, ndovu, farasi, samaki, mashua, na kikatio cha popoo, kwa kuwa tambuu ilikuwa lazima kwa mgeni. Baadhi ya kantha za karne ya 19 zina askari wa Kizungu. Si kila kitu ni fumbo. Ungo unaweza kuwa ishara ya neema ya mavuno, na unaweza kuwa ungo tu, uliokuwa umeegemea ukuta siku ile.

Kuna tofauti kati ya kantha za Waislamu na za Wahindu?

Ipo, lakini haina ukuta. Za Wahindu huweza kuwa na miungu na visa vyao. Za Waislamu hupendelea maua, miti na maumbo ya kijiometria. Yungiyungi limo kwa wote. Kwa kitambaa kisicho na jina, usikimbilie kutaja dini ya aliyekishona.

Pindo zina majina?

Nyingi. Kuna pindo la shuke la mpunga, la nge, la ngazi, la samaki, la jicho, la hirizi. Mengi yaliigwa kutoka kwenye pindo za sari.

Zote ni za kujifunikia?

Hapana. Lep ni nzito, ya baridi ya Desemba na Januari. Sujni ni tandiko la heshima. Ashon ni ya kukalia, bostani ni ya kufungia vitabu na vitu vya thamani, arshilata ni ya kufungia kioo na kitana, na zipo foronya na leso. Idadi ya matabaka hufuata kazi: leso ni nyepesi, lep ni nene.

## Walioshona na wanaoshona

Kwa nini kantha za zamani hazina majina ya walioshona?

Kwa sababu hazikushonwa za kuuzwa. Zilishonwa kwa ajili ya mume, mtoto, mkwe, binti anayeolewa. Aliyepewa alimjua aliyempa. Wachache walitarizi majina, na maarufu zaidi ni Manadasundari, ambaye kazi yake aliyomtunukia baba yake imo katika jumba la makumbusho la Gurusaday, nje kidogo ya Kolkata. Jumba hilo lilitokana na mkusanyo wa Gurusaday Dutt (1882–1941), ofisa wa serikali aliyezunguka vijijini akinunua vitu ambavyo wasomi wa wakati wake waliviona takataka. Mkusanyo mwingine mkubwa uko Philadelphia, Marekani. Sehemu yake ilitoka kwa Stella Kramrisch, mwanahistoria wa sanaa aliyefundisha Kolkata kwa miaka mingi.

Nimesikia kuna shairi. Linahusu nini?

Ni utenzi wa Jasimuddin, *Nakshi Kanthar Math*, uliotoka mwaka 1929. Rupai na Shaju wanapendana na kuoana. Ugomvi wa mpunga unamlazimu Rupai kukimbia. Shaju anabaki akishona maisha yao yote kwenye kantha, na kabla ya kufa anaomba itandazwe juu ya kaburi lake. Siku moja watu wanamkuta mwanamume amekufa pale, amejifunika kantha ile. Inasemekana ni baada ya utenzi huu ndipo jina "nakshi kantha" liliposhika kote, kwa maana zamani watu walisema kantha tu.

Ni kweli ilikaribia kupotea?

Ilififia sana. Vitambaa rahisi vya viwandani viliingia, mablanketi yakaingia, na mgawanyiko wa 1947 ukazitawanya familia. Kufufuka kwake kulianza mapema upande wa Santiniketan, ambako Pratima Devi, mkwe wa mshairi Rabindranath Tagore, aliwahimiza wanawake wa vijiji vya jirani. Bangladesh ilichukua nguvu baada ya vita vya 1971, wajane na waliofukuzwa makwao walipohitaji riziki na sindano ndiyo iliyokuwa karibu. Duka la Aarong, lililoanzishwa mwaka 1978 chini ya BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh, liliipatia soko la mjini. India imewatunuku washonaji nishani ya Padma Shri: Pritikana Goswami mwaka 2023 na Takdira Begum wa Birbhum mwaka 2024.

Kilichofufuka si kilekile. Leo sehemu kubwa ya kantha ni sari mpya za hariri, skafu na mito ya makochi, kitambaa cha tabaka moja kilichotariziwa bandi. Ni kazi njema na inalisha watoto. Lakini ile ya matabaka kuukuu niliyoieleza juu ni kitu kingine, na muuzaji mwaminifu atakuambia unanunua ipi.

Washonaji wanalipwa vizuri?

Wengi hulipwa kwa kipande, kupitia mtu wa kati anayeleta kitambaa na uzi na kurudi kuchukua kazi. Gawanya malipo hayo kwa saa alizokaa mshonaji, utaona aibu. Kwa hiyo muulize muuzaji maswali mawili: ilishonwa kijiji gani, na mshonaji alilipwa lini, kabla au baada ya kuuzwa? Asiyeweza kujibu hata moja, mwache na mali yake.

## Kununua na kutunza

Nitajuaje kama imeshonwa kwa mkono?

Igeuze. Cherehani huacha mistari miwili ya uzi iliyofungana, na mishono yote iko sawa kama meno ya kitana. Ya mkono haifanani: mmoja mrefu kidogo, mwingine umeinama, na mahali fulani rangi ya uzi imebadilika kwa kuwa uliisha. Pitisha kiganja, utahisi vijimawimbi. Siku hizi kuna vitambaa vilivyochapwa vistari vya rangi kuiga bandi. Hivyo kucha itakuambia, maana hakuna uzi wa kukwaruza.

Hii ni sawa na jamdani?

Hapana. Jamdani, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2013, hufumwa kwenye kitanda cha mfumi, na maua yake huingizwa wakati kitambaa kinafumwa. Kantha huanza pale nguo iliyofumwa inapochakaa.

Nifue vipi?

Kwanza bonyeza kitambaa cheupe chenye maji juu ya uzi mwekundu. Kikipata rangi, usifue nyumbani. Kisipopata, tumia maji baridi na sabuni laini, isukesuke bila kusugua wala kukamua. Iviringishe ndani ya taulo, kisha itandaze kivulini. Usiianike kwenye kamba ikiwa imelowa, maana uzito wa maji utakata nyuzi kuukuu. Ya zamani sana usiitie maji kabisa.

Naishi pwani, unyevu ni mwingi. Niihifadhi vipi?

Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki. Iviringishe ndani ya shuka safi ya pamba, na itoe mara kwa mara ipigwe na upepo, si jua kali. Majani makavu ya mwarobaini yanafaa, yakiwa ndani ya kijifuko chake ili yasiguse nguo.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuishona kwa kanga?

Unaweza, na kanga kuukuu inafaa kuliko chochote tulicho nacho. Usitumie mpya: ina wanga, na rangi yake itatoka. Tatizo ni kwamba kanga tayari ina picha, na bandi itapotea juu yake. Kuna njia mbili. Weka kanga ndani na shuka nyeupe kuukuu juu na chini. Au acha kanga juu, uifuate michoro yake: zungushia korosho bandi moja, ya pili, ya tatu, uliache jina lisomeke.

Mimi nilianza na kanga tatu za mama. Nilivuta uzi mno, na pembe moja ikajikunyata mpaka leo. Usikaze. Kila baada ya mishono michache, nyoosha kitambaa kwa kidole gumba ndipo uendelee.

Kuna uhusiano wowote na Afrika?

Kantha yenyewe haina uhusiano wa moja kwa moja. Ila kusini zaidi, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasiddi, ambao asili yao ni Waafrika waliovushwa bahari, wengi wakiwa watumwa wa Wareno huko Goa. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi, kwa bandi vilevile. Tofauti inaonekana tangu mwanzo wa kazi. Mbengali huanza na ua la katikati. Msiddi huanza ukingoni, akizunguka na kuweka viraka vya rangi hadi afike katikati, na pembe nne huzimalizia kwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, maua. Kwake kawandi bila maua hayo haijakamilika.

Nimepata kantha ya zamani. Niikate nishone koti?

Kama ni ya biashara ya juzi, ni mali yako. Kama ni ya nyuzi za sari, yenye ua katikati na pindo kamili, tafadhali usiikate. Picha yake imepangwa kutoka katikati kwenda nje, na mkasi ukipita popote umeipita picha yote.

Tabaka la juu limepasuka. Nitengeneze?

Usijaribu kuchomoa tabaka lililopasuka, kwa kuwa limeshikwa na kila mshono uliomo. Tafuta pamba laini iliyokwisha kufuliwa sana, ya rangi inayokaribiana. Ipenyeze chini ya mpasuko, kisha pitisha bandi ukifuata mistari iliyokuwapo, tundu kwa tundu pale matundu ya zamani yanapoonekana. Uzi wako uwe mwembamba kuliko wa kwanza, ili kitambaa kikikazwa ukatike uzi wako na nguo ibaki nzima.